Mkono wa Mpishi wa Pombe

Katika mji mdogo mmoja wa nyanda za juu za Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, kipo kikundi cha wapishi wa pombe ambao hukutana kila Alhamisi alasiri nyuma ya nyumba ya mwenyekiti wao. Ni watu tisa, wanawake wanane na mwanamume mmoja. Kila mmoja huja na kibuyu au ndoo ndogo ya pombe aliyoipika mwenyewe, na kata moja huzunguka mikononi mwa wote. Kila mtu huonja funda moja, hunyamaza kidogo, kisha husema. Hakuna anayesifu. Methali ya mgema aliyesifiwa akalitia tembo maji wanaijua vizuri, na kwa hiyo wao hutaja kasoro tu. “Imewahi.” “Ina moshi.” “Kimea kidogo.” Mwenye pombe husikiliza bila kujitetea, maana kata itafika kwa mwenzake sasa hivi na yeye atapata nafasi ya kusema.

Kikundi hiki kina kazi nyingine pia. Wanachama hupika kwa zamu ili pombe za wote zisiingie sokoni siku moja, na kila anayeuza huweka fedha kidogo katika mfuko wa pamoja. Hawakeneki. Gongo ni kitu kingine kabisa, sheria inakikataza, na mwenyekiti hataki hata kisikike kikitajwa uani kwake.

Nilikwenda huko kwa sababu ya swali moja nililoletewa na mwalimu wa kemia wa sekondari ya jirani. Wanawake wawili wa kikundi hicho ni majirani. Hununua ulezi wa gunia moja, huchota maji ya bomba moja, na mara nyingi hupika siku moja. Hata hivyo pombe zao hazifanani: ya mmoja ni kali yenye uchachu, ya mwingine ni nzito na ina utamu. Wanafunzi wa mwalimu yule walitaka kujua sababu, naye hakuwa na jibu. Nilipomwuliza mwenyekiti, bibi wa miaka sabini na zaidi, alicheka. “Mwalimu,” akaniambia, kwa kuwa huko kila mtu mwenye daftari ni mwalimu, “kila mtu na mkono wake.”

Jibu hilo si la kupuuzwa. Ndani ya neno hilo, mkono, yamefichwa mambo ambayo wanasayansi wa Ulaya waliyatafuta kwa karne nzima.

Utamu ulio tayari

Hebu tuanze na pombe iliyo rahisi kuliko zote, kwa maana kwamba mpishi wake hapiki kitu. Hiyo ni ulanzi. Mwanzi wa ulanzi, ambao wataalamu wa mimea wanauita Oxytenanthera, hupandwa karibu na nyumba katika sehemu nyingi za Iringa na Njombe. Majira ya mvua, chipukizi likiwa bado changa, mgema hukata ncha yake na kuielekeza ndani ya chombo cha mwanzi kiitwacho mbeta. Maji matamu hudondoka humo. Asubuhi na jioni mgema hurudi, humimina yaliyopatikana, kisha hukata tena kipande chembamba ili jeraha la mwanzi lisifunge. Ulanzi uliotoka sasa hivi ni mtamu na huitwa mtogwa. Ukikaa hadi kesho hugeuka mkali, nao huitwa mkangafu.

Hakuna aliyetia hamira. Hamira imetoka wapi basi? Imo tayari katika mbeta, katika miguu ya nyuki na nzi wanaofuata utamu, na juu ya ngozi ya mwanzi wenyewe. Hamira ni kiumbe hai cha jamii ya kuvu, chenye seli moja tu, kidogo mno hata maelfu yao wangeweza kukaa juu ya ncha ya msumari. Kikipata sukari mahali pasipo na hewa ya kutosha, hukigeuza chakula hicho kuwa alkoholi na hewa ya kaboni dayoksaidi ili kipate nguvu ya kuishi. Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyethibitisha, katika uchunguzi alioanza kuutangaza mwaka 1857, kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai. Kabla ya hapo wanakemia wengi mashuhuri waliamini kuwa sukari huvunjika kwa kuoza tu.

Hesabu ya kazi hiyo ni nyepesi, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuihakiki kwa uzito wa molekuli. Gramu 180 za glukosi zikichacha zote hutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za kaboni dayoksaidi. Kwa kweli alkoholi hupungua kidogo, kwa kuwa hamira nayo hujijengea mwili kutokana na sukari hiyohiyo. Gramu 88 zaonekana chache, lakini zikiwa katika hali ya hewa hujaza zaidi ya lita 40, yaani madebe mawili. Mama wa ulanzi alijifunza jambo hili bila kalamu. Aliwahi kukaza kizibo cha dumu la ulanzi akitaka kulipeleka mjini kwa basi; dumu likavimba kama puto, na kizibo kikaruka kabla basi halijafika kituo cha pili. Tangu siku hiyo hakazi kizibo.

Mwanamume pekee wa kikundi ni mfugaji wa nyuki, na pombe yake ni wanzuki, pombe ya asali. Asali ina sukari nyingi kuliko kitu chochote kilichokuwapo uani pale, lakini hukaa miaka bila kuchacha. Wanafunzi waliosoma osmosisi wataona sababu. Asali iliyoiva ina maji chini ya asilimia 20. Hamira ikianguka humo, sukari hunyonya maji kutoka katika seli yake, nayo hulala. Mfugaji huyo anapoongeza maji ya uvuguvugu katika asali haongezi wingi wa pombe tu, bali anaziamsha hamira zilizolala.

Mama wa Kichagga, aliyeolewa huko na kuja na mapishi ya kwao, yuko katikati ya safari yetu. Mbege yake ni ya ndizi na ulezi. Ndizi hununua kwa madereva wanaoteremsha mizigo kutoka Rungwe. Ndizi mbichi ni ghala la wanga: karibu sehemu moja ya tano ya uzito wa nyama yake ni wanga, na hamira haiwezi kuula. Ndizi inapoiva hufanya kazi yenyewe, ikaugeuza karibu wanga wote kuwa sukari. Mama huyo huzichemsha ndizi mbivu kwa saa nyingi mpaka ziwe na rangi ya udongo mwekundu, huziacha siku kadhaa zichache, huzichuja, kisha huchanganya maji yake na uji wa kimea cha ulezi. Gome la msesewe, ambalo huletewa na ndugu zake kutoka Kilimanjaro, ndilo linaloipa mbege uchungu, kama vile viwanda vya bia vinavyotumia hopsi.

Nafaka inayoota

Lakini pombe iliyo ngumu kuliko zote pale ni komoni ya Bibi mwenyekiti. Mahindi hayana utamu wa kutosha. Yamejaa wanga, nao wanga ni mnyororo mrefu wa molekuli za sukari zilizofungamana, maelfu kwa maelfu. Hamira ikiwekwa katika uji wa mahindi mtupu hufa njaa katikati ya ghala, kama mtu aliyefungiwa stoo ya makopo bila kisu. Kisu hicho ni kimea.

Bibi huloweka ulezi usiku mmoja, huumwaga maji, huutandaza juu ya gunia safi na kuufunika. Huunyunyizia maji asubuhi na jioni, na kuugeuza kwa mkono ili usipate joto. Siku ya tatu vimizizi vyeupe vinapotokeza, huuanika juani mpaka ukauke kabisa, kisha huusaga. Huo ndio kimea.

Ndani ya punje mambo makubwa yametokea. Kila punje ina kiini, ambacho ni mmea mchanga uliolala, na pembeni yake pana akiba ya wanga aliyoiweka mama yake. Maji yanapoingia, kiini huamka na kupeleka taarifa kwenye tabaka la nje la akiba hiyo. Tabaka hilo hutengeneza vimeng'enya, yaani protini zenye kazi ya kuharakisha mabadiliko ya kikemia, ambavyo huanza kuukata wanga vipande vipande viwe sukari, chakula cha mche. Mpishi wa pombe ni mwizi mwenye adabu. Huusubiri mche utengeneze visu vyake, kisha huukausha kabla haujala akiba, na kuvichukua visu hivyo akavitumie katika uji wa mahindi. Kimeng'enya cha kwanza kabisa kupata kutengwa duniani kilitoka katika kimea: Wafaransa Anselme Payen na Jean-François Persoz walikipata mwaka 1833 kutoka katika kimea cha shayiri, wakakiita diastasi.

Nilimtazama Bibi akitia kimea. Uji ulikuwa umeiva sawasawa, mzito, ukitokota katika sufuria kubwa. Aliuepua, akakaa juu ya kigoda, akaanza kuzungumza habari za mjukuu wake. Kila baada ya muda alichovya kidole na kukitoa upesi. Kidole kilipoweza kukaa kwa kitambo kidogo, alisimama ghafla, akamwaga unga wa kimea na kukoroga kwa nguvu. Katika muda usiozidi dakika kumi ule uji uliokuwa ukishika mwiko ulikuwa mwepesi kama maji ya maziwa, na ukionjwa ulikuwa mtamu. Hakuwa ameongeza hata tone la maji.

“Nikiwahi, kimea kinaungua,” alisema. “Nikichelewa, uji haufunguki.”

Kitabu cha kemia husema hivyohivyo kwa maneno marefu zaidi. Vimeng'enya vya kimea hufanya kazi vizuri penye joto la nyuzi 60 hivi za Sentigredi. Joto la kuchemka huviharibu umbo lake, navyo havirudi tena. Uji ukipoa mno, kazi huwa ya pole pole, na vijidudu vya uchachu hupata nafasi ya kutangulia. Kwa nini lakini ni lazima uji upikwe kwanza? Kwa sababu chembe za wanga mbichi zimejifunga kwa ugumu. Moto na maji huzivimbisha na kuzipasua, ndipo visu vinapata pa kupita.

Jaribio hili laweza kufanywa darasani bila kupika pombe yoyote. Pikeni uji mzito wa mahindi, mgawe katika vikombe vitatu. Kikombe cha kwanza kisitiwe kitu. Cha pili kitiwe kijiko kimoja cha unga wa kimea uji ukiwa na nyuzi 60. Cha tatu kitiwe kimea kilichochemshwa kwanza katika maji kwa dakika kumi. Baada ya robo saa chukueni tone kutoka kila kikombe, mlipoze, mlitie ayodini. Rangi ya buluu-nyeusi huonyesha wanga. Matokeo sitayaeleza hapa, ila nawashauri walimu watayarishe vitambaa, kwani wanafunzi huwa na haraka ya kukoroga.

Jambo hilihili limewasaidia hata watoto wachanga. Katika miaka ya 1980 watafiti wa lishe hapa Tanzania walionyesha kuwa uji mzito uliotiwa kimea kidogo huwa mwepesi bila kuongezewa maji, na hivyo tumbo dogo la mtoto hupata chakula kingi zaidi kwa kila kijiko. Bibi hakushangaa nilipomweleza. Togwa, alisema, wamewapa watoto siku zote.

Niliuliza kwa nini watumie ulezi na si mtama, ambao ni rahisi zaidi kupata. Jibu lao lilikuwa ladha. Sayansi ina la kuongeza. Kuukata wanga kunahitaji vimeng'enya vya aina mbili: kimoja hukata mnyororo katikati popote, kingine hukata kutoka mwishoni. Mtama una upungufu wa hicho cha pili, na ulezi ni bora kwake. Aidha, chipukizi la mtama huwa na kiasi cha sianidi, ndiyo maana wapishi wa kimea cha mtama huondoa vimizizi na vichipukizi kabla ya kusaga. Tena ulezi haupatwi upesi na wadudu, na huweza kukaa ghalani kwa miaka.

Sasa turudi kwa majirani wawili. Ulezi ni mmoja, mahindi ni yaleyale, maji ni yaleyale. Nilichokiona kikitofautiana ni vitu viwili. Mmoja, yule wa pombe kali, ana mtungi wa udongo aliourithi kwa mama mkwe wake, ambao huusuuza tu kwa maji. Mwingine ana pipa la plastiki analolisugua kwa sabuni. Wote huanzisha pombe mpya kwa machicha ya pombe iliyotangulia, na kila mmoja hutunza machicha yake. Pili, huyu wa pipa hutia kimea uji ukiwa wa moto zaidi. Kidole chake, alikiri, kimezoea moto.

Niliwaomba wabadilishane machicha kwa pika moja. Alhamisi iliyofuata kata ilizunguka, na wale wengine hawakuambiwa lolote. Uchachu ulikuwa umehama na kwenda kwenye pipa la plastiki. Uzito na utamu haukuhama. Ulibaki kwa mwenyewe. Jaribio moja halitoshi kuthibitisha kitu, na mwalimu wa kemia amekwisha kupanga kulirudia akitumia kipimajoto badala ya kidole. Lakini laonyesha kuwa mkono wa mpishi una sehemu mbili zinazoweza kutenganishwa. Moja ni jamii ya vijidudu anayoitunza, yaani hamira pamoja na bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, ileile iliyomo katika maziwa ya mgando. Nyingine ni joto analolichagua.

Viwanda vikubwa vilikwisha kuzitenga zamani. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kukuza hamira kutokana na seli moja tu, na tangu wakati huo bia ya kiwandani imekuwa na ladha moja mwaka mzima. Hiyo ni faida kubwa kwa mwenye kiwanda. Sina hakika kama wapishi wa uani kwa Bibi wangeitamani.

Chachu iliyobeba neno letu

Miaka kumi baada ya Hansen, yaani 1893, Mjerumani Paul Lindner alichunguza pombe ya nafaka iliyopelekwa Ujerumani kutoka Afrika ya Mashariki. Ndani yake alikuta hamira ya ajabu. Hamira ya kawaida ni ya mviringo kama yai, na huzaa kwa kuchomoza kichipukizi ubavuni ambacho hukua na kujitenga. Hii ya Lindner ilikuwa na umbo la kijiti kifupi. Ilirefuka, ikajiwekea ukuta katikati, ikajigawa nusu kwa nusu. Aliipa jina la kisayansi ambalo linatumika hadi leo: Schizosaccharomyces pombe. Neno la mwisho ni la Kiswahili, nalo limo katika vitabu vya biolojia vya dunia nzima.

Kiumbe huyo, kwa kuwa hurefuka kwa kipimo na kujigawa sawasawa, alifaa sana kwa wale waliotaka kujua jinsi seli inavyoamua wakati wa kugawanyika. Mwingereza Paul Nurse alimtumia katika miaka ya 1970 kutafuta jeni inayoongoza uamuzi huo. Mwaka 1987 yeye na mwenzake Melanie Lee walionyesha jambo la kustaajabisha: hamira ambayo jeni yake hiyo ilikuwa na hitilafu iliweza kugawanyika tena ilipopewa jeni ya binadamu. Ufunguo wa kuigawa seli ya hamira na ufunguo wa kuigawa seli ya mtu ulikuwa mmoja. Kwa kuwa saratani ni ugonjwa wa seli zinazogawanyika bila mpaka, ugunduzi huo ulifungua njia pana, na mwaka 2001 Nurse alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt. Mwaka uliofuata mpangilio wote wa jeni za hamira hiyo ulitangazwa. Zina kromosomu tatu tu.

Nilichukua tone la machicha ya Bibi, nikaliweka chini ya hadubini ya shule. Niliona hamira za umbo la yai kwa mamia, nyingine zikiwa na vichipukizi ubavuni, na kati yao vijiti vyembamba vya bakteria wa uchachu. Nilitafuta kijiti kinene chenye ukuta katikati kwa saa nzima. Sikukiona. Wanafunzi wa shule ile wanaendelea kutafuta katika mitungi mingine, na wapishi wanawapa machicha bila malipo.

Ukungu wa kijani

Alhamisi ya mwisho ya ziara yangu haikuwa na maonjo mengi. Mama mdogo kuliko wote katika kikundi, mwenye watoto watatu, alikuja na ungo uliofunikwa kwa kanga. Alikuwa amelowesha debe mbili za ulezi kwa fedha za kukopa. Ulezi uliota vizuri, lakini siku ya kuanika mvua ilianza, ikanyesha siku nne. Aliurudisha ndani, akaurundika pembeni ya jiko. Alipofunua kanga tuliona katikati ya rundo mabaka ya kijani yenye umanjano, na harufu ya godoro lililolowa ilitujia puani.

Kila mtu alikuwa na shauri. Mmoja alisema uoshwe. Wa pili alisema uchanganywe na kimea kizuri, hakuna atakayejua. Wa tatu alisema moto huua kila kitu, uchemshwe sana. Mfugaji wa nyuki alisema kama haufai kwa watu, basi wapewe kuku.

Niliwaeleza habari ya mwaka 1960. Mwaka ule, nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa muda wa miezi michache kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi uliongoza kwenye chakula chao, mashudu ya karanga yaliyoota ukungu uitwao Aspergillus flavus. Ukungu huo hutengeneza sumu, nayo ikaitwa aflatoksini kwa kufupisha jina lake. Sumu hiyo huharibu ini. Ikiliwa kwa wingi huua kwa siku chache, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka husababisha saratani ya ini. Kuchemsha huua ukungu lakini hakuivunji sumu uliyokwisha kuiacha. Kuchacha nako hakutoshi kuiondoa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 iliua hapa kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Si kila ukungu wa kijani una sumu hiyo. Kwa jicho, hata kwa hadubini, huwezi kujua. Ni maabara tu iwezayo kupima. Hilo niliwaambia pia, kwa kuwa ni kweli, nami niliona uso wa mama yule ukipata tumaini kwa muda mfupi. Debe mbili za ulezi ni pika nne. Pika nne ni ada ya shule na deni la dukani.

Bibi hakusema neno kwa kitambo kirefu. Kisha aliuliza jambo moja: “Mwalimu, hiyo sumu ina ladha?”

Nilimwambia haina.

“Basi sisi hapa hatuna kazi nayo,” alisema. “Sisi tunaonja. Kisichoonjeka hatuwezi kukisema.” Akamwagiza mjukuu wake alete jembe.

Ulezi wote ulizikwa nyuma ya migomba, kina cha magoti, ili kuku wasiufukue. Mfuko wa kikundi ulitoa fedha za debe moja, na wanachama walichanga la pili kwa vibaba, kila mtu kutoka ghala lake. Mfugaji wa nyuki alijitolea kutengeneza kichanja cha wavu chenye paa la nailoni, hewa ipite juu na chini, kitumiwe na wote majira ya mvua. Walikubaliana pia kwamba kimea hakitarundikwa tena kabla hakijakauka kiasi cha punje kupasuka kwa mlio chini ya jino, na kwamba unene wa tandazo usizidi upana wa kidole kimoja.

Zamu ya mama yule ilipewa mama wa ulanzi, kwa kuwa mvua iliyomharibia mmoja ilikuwa imemjazia mwingine mbeta. Yeye mwenyewe alibaki uani na kibuyu kitupu. Kata ilipomfikia, ikiwa na komoni ya Bibi, alionja funda moja, akanyamaza kidogo kama ilivyo desturi.

“Kimea kidogo,” alisema.